Kuota

Januari, saa nne asubuhi, na nje bado ni usiku.
Mlima umelikalia jua letu tangu Novemba;
huku Aisilandi, kwenye ghuba yetu nyembamba,
hata saa ya ukutani huonekana kama inabahatisha.
Na mimi, mwalimu wa watoto wa miaka minne,
nimechagua wiki hii kufundisha mbegu.

Sijui nilikuwa nafikiri nini.

Vikopo kumi na kimoja vya mtindi,
nimevitoboa vitako kwa msumari wa moto.
Udongo wa dukani, maana wetu umeganda kama tofali.
Maharagwe kumi na moja, nayo ya dukani,
ya supu, yaliyokuja kwa meli kutoka nisikokujua.
"Kidole kiingie mpaka kwenye kifundo," nawaambia,
na vidole kumi na kimoja vinazama.
Sólrún anauliza upande wa juu wa haragwe ni upi.
Namwambia lenyewe linajua.
"Nani kaliambia?"
Nawaita wote wakanawe mikono.

Tunapanga vikopo juu ya hita, chini ya taa.
Ketill analifunika lake kwa leso, lisione baridi.
Jagoda, ambaye mama yake anakata samaki kiwandani
na huja kumchukua akinuka bahari na sabuni,
analisemesha lake Kipolandi, kwa sauti ya chini,
sentensi moja tu kila asubuhi. Sijamuuliza ni ipi.
Mchana wote hulala sakafuni, wakaota,
na udongo nao umenyamaza vilevile.

Hrafnkell yeye hufukua.

Kila siku, kabla hajavua hata koti,
huchimba kwa kijiko cha uji, hutazama, hufukia.
"Hrafnkell, liache."
"Naangalia tu kama yupo."
"Kama lipo."
"Yupo," ananisahihisha, akifukia taratibu
kama mtu anayemrudishia mgonjwa blanketi.

Siku ya saba shingo nyeupe zatokeza,
zimeinama, zikiinua udongo kwa visogo.
Siku ya tisa, kumi yamesimama.
La kumi na moja ni udongo mtupu na alama za kijiko.

Ijumaa jioni, wote wamekwenda,
nikarudi na mche wa akiba ndani ya kikombe.
Nilikuwa nimeuotesha nyumbani, kwenye pamba, kwa siri,
urefu uleule, majani mawili yaleyale.
Miaka kumi na tisa ya kazi hii
hukufundisha kudanganya bila mkono kutetemeka.
Nikashika kijiko. Nikafukua.

Lilikuwepo. Ncha ya mzizi imekatika,
nyeusi kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka;
lakini juu kidogo ya jeraha, pembeni,
vizizi vinne, vitano, vyembamba kama masharubu ya paka,
vilikuwa vimeshika kila kimoja njia yake.
Nikasimama pale, kijiko mkononi,
mtu mzima, koti sijalivua,
nikiangalia tu kama yupo.

Nikafukia.
Ule wa akiba nimeupanda jikoni kwangu,
unaparamia kamba ya pazia, hauna habari.

Jua lilirudi Jumatano, saa saba mchana,
dakika nne, katikati ya vilele viwili.
Tulikuwa tumeoka chapati nyembamba za maziwa, kama ilivyo desturi,
tukasimama dirishani, sukari midomoni,
watoto na mimea, sote tunaota,
macho tumefumba, mashavu mbele.
La Hrafnkell lilikuwa limetoka alfajiri ile, limepinda,
ganda bado liko kichwani kama kofia ya kuazima.

Kisha mlima ukalichukua tena.
Akavuta sketi yangu.
"Mwalimu, nani alikuwa anamfukua jua
hata akachelewa hivi?"

Sikumsahihisha.