Taa Namba Arobaini na Saba

Saa tisa usiku, ukingoni mwa Danubi,
taa namba arobaini na saba ikazimika.
Si king'ora, si moshi. Taa tu,
ndogo kama punje ya hindi,
iliyokuwa ikisema kwa kijani tangu mwaka sabini na nne:
vali iko wazi.

Yordanka Velcheva hakupaza sauti.
Alimtuma kijana ashuke ngazi mia mbili na kumi
akaitazame vali kwa macho yake.
Simu ikalia kutoka chini, pumzi juu juu:
Iko wazi.
Itazame tena.
Iko wazi, mama.
Ndipo akaandika daftarini, kwa kalamu ya wino,
saa, dakika, na jina la aliyehema.

Balbu ya jikoni unapanda kiti, basi.
Hii ina fomu sita, saini kumi na moja,
na mhuri wa mkaguzi kutoka Sofia
ajaye Alhamisi, kama theluji haijafunga njia.
Na kiwanda kilichozitengeneza
siku hizi kinauza mazulia.
Walizipata kwa Tsvetan, fundi mstaafu, mfuga nyuki,
aliyeondoka na nne ndani ya soksi ya sufu
siku ya kuagwa kwake,
akinong'ona: hawa watakuja kunigongea mlango.

Asen, mwanawe Yordanka, anacheka mezani.
Simu yake ina miezi minane na imeshazeeka.
"Mama, mnaendesha jua zima
kwa vifundo vya redio ya babu!"
Anamkatia mkate. Anamkumbuka
mhandisi wa tai ya samawati, mwaka alioajiriwa:
ikifika elfu mbili mitambo itajilinda yenyewe,
ninyi mtabaki kumwagilia maua.
Maua yapo, kweli. Dirishani, kwenye kopo la rangi.
Na anayeyamwagilia ni yeye.

Paneli mpya imelala ghalani mwaka wa tisa huu
chini ya nailoni. Inajaribiwa.
Kila ikikaribia kufunuliwa mtu huinua mkono:
na mto ukifurika?
na umeme ukikatika mto ukiwa umefurika?
na mwenye zamu akiwa amesinzia, au amefiwa?
Swali la mwisho bado halijapatikana.

Kinu hiki hakina mchi. Kinachotwangwa hakionekani,
na pumba zake zitahitaji mlinzi
hata lugha ya Yordanka ikishasahauliwa.
Chini huko, kwenye bomba la tatu, kuna ufa
mwembamba kuliko unywele wa mtoto.
Hawakuuziba, wala hawakujenga ukuta.
Waliupa namba. Waliupiga picha.
Kila theluji ikiyeyuka wanarudi kuupima,
na ukiwa haujaongezeka hata kwa unywele mwingine
wanashuku kipimo.

Siku ya ishirini na tatu balbu ikafungwa.
Mmoja alisoma maagizo, mmoja alizungusha,
wa tatu alisimama tu, kazi yake kuona.
Kijani. Hakuna aliyepiga makofi.
Kijana, bila kuambiwa,
akashuka tena ngazi mia mbili na kumi.

Alfajiri basi la wafanyakazi lilipita mjini:
dirisha moja, mwanamume anapiga pasi shati;
jingine, birika linachemka.
"Vipi kazini?" Asen aliuliza, macho kwenye simu.
"Tumebadili balbu," alisema,
akavua viatu, akalala.