Pini Sitini na Nane

Nizwa, chini ya jengo la Idara ya Mifereji.
Juu, lami inalainika chini ya viatu;
huku nimevaa koti la sufi la mume wangu
na vidole vimeniganda kwenye bisibisi.

Mashine ya kanda imekaa kipembeni, nzito kama jokofu,
rangi yake ya maziwa imegeuka ya samli.
Inatoka kebo moja, nene, ya kijivu,
pini sitini na nane, hesabu mwenyewe,
ikipinda moja, zilizobaki zote husubiri.

Ng'ambo, kabati jipya la diski
halijui shaba. Linasema kwa mwanga,
kwa uzi wa kioo mwembamba kama unywele:
usiukunje, Sajith ananionya,
wala usiuchungulie mdomoni.

Na baina yao, ruta.
Kisanduku bapa kama sinia,
matundu mawili ya mwanga mbele,
nyuma mdomo mpana wa shaba.

Tulikifunga kwa skrubu nne. Ya nne ikadondoka
chini ya sakafu ya kuinuliwa, hatujaiona hadi leo.
Tatu zinatosha, akasema Sajith kwa Kiarabu chake cha Kerala,
nami nikamjibu kwa changu,
ambacho shangazi za mume wangu husema kinanukia nazi.

Tukawasha.
Manjano.
Seva inapiga hodi: kuna nani huko?
Manjano. Manjano.

Saa mbili tulisaka.
Kwanza tukakuta mkono wa roboti na kichwa cha kusomea
wote wamepewa namba sita;
ukiita sita wanaitika wawili,
na wawili wakiitika pamoja hasikiki hata mmoja.
Nikang'oa kijipande cha plastiki kwa kibanio cha nyusi,
mkono ukawa tano.
Bado manjano.

Kisha Sajith, kalala kifudifudi, tochi kaibana kwa meno:
kebo haina kizibo mwishoni.
Neno likifika ukingoni lisipate wa kulimeza
hurudi lilikotoka,
likakumbana njiani na linalokuja.
Hilo silihitaji mwongozo kulielewa.
Nimewahi kusema sentensi nzima ukweni, kwenye sinia,
ikanirudia ilivyo.

Kizibo tulikikuta kwenye kopo la halua,
droo ya karani aliyestaafu zamani,
pamoja na klipu na kalamu kavu.
Nikakikaza kwa kucha.

Kijani.

Kanda ya kwanza: mwaka tisini na sita.
Kina cha maji, mfereji kwa mfereji, saa kwa saa,
namba zinateremka kwenye kioo kama punje za mchele,
na mwisho wa kila mstari, nafasi ya maelezo,
tupu, tupu, tupu, halafu:

maji kidogo leo. mita imejaa tope.

Nikadhani macho yangu, baridi hii.

mvua usiku. wadi umeshuka. nimelowa mpaka moyoni.

Herufi ndogo zote, bila jina.
Mwezi wa nne, mstari mmoja tu:

leo namba ni zile zile. nani wa kumwambia.

Bi Thuraya, mkuu wetu, akainama begani kwangu.
Msimbo gani huo? Kanda imeoza?

Kisanduku kilikwisha kupitisha yote,
tope, mvua na moyo,
hakikuonja hata kimoja.
Sajith alikuwa anatafuta skrubu.

Haijaoza, nikasema. Ni hali ya maji.
Nakilini yote, msiguse maelezo.

Jioni mfumo ukataka jina la ruta,
herufi zisizidi nane.
Wenzetu wa Suhar yao wameiita ruta-moja.
Nikavua glavu, nikaandika
nimesoma
nikabonyeza hifadhi.