Kasha la Chatu

Mbodze alinijia Jumatatu, chatu begani,
akasema: Fundi, nyumba yake imeoza pembe moja.
Alipita hapo usiku. Tulimkuta kwa jirani
ndani ya pipa la unga, mweupe kama bwana harusi.

Nikapima: futi sita kwa tatu, mbao za mwarubaini.
Mti huu, Muyeye nzima wanajua, hutibu maradhi arobaini.
Unyevu haumo katika hesabu.

Na chatu huoga, humwaga karai,
na Mbodze humnyunyizia maji asubuhi na jioni
kama mtu anayepiga pasi.
Basi swali si mbao. Swali ni cha kuipaka.

Nikakata vipande vitano, nikavipa namba kwa penseli,
nikavilaza katika beseni la mke wangu siku tisa.
Alinung'unika siku zote tisa.

Lami ilizuia maji kama mlango wa benki,
ila jua la saa saba lilipoigusa
karakana yote ikanuka barabara mpya.
Sifa, mafuta ya papa aliyoyaamini babangu,
ilileta paka kumi na mmoja kabla ya adhuhuri.
Hiyo niliinusa kidogo kuzidi haja ya kazi:
mikono yake, shuka zake, mto ambao mama
hakuufua mwaka mzima.
Vanishi ya mafuta iling'aa, ikasifiwa na wapita njia,
siku ya nne ikabambuka.
Mbodze akacheka: Hata huyu hujivua, lakini kwa mpango.
Kile nisichokipaka kitu
kilivimba kama shavu la mwenye jino.

Kikabaki kimoja, vanishi ya maji,
haking'ai, hakinuki, kimenyamaza tu.

Mikono mitatu, msasa mwembamba kati ya mkono na mkono,
silikoni kwenye maungio.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema.
Mimi nilijenga ukuta kwanza,
ndipo nikautafuta ufa kwa tochi na ukucha.

Kisha kungoja. Wiki mbili, mlango wazi.
Mbodze akapiga simu: Fundi, chatu yuko bafuni,
mimi naoga kwa watu!
Nikamwambia: Huyu hunusa kwa ulimi.
Wewe ungelamba rangi mbichi?

Siku ya kumi na nne niliingiza kichwa na mabega,
nikahesabu pumzi mia.
Mwanagenzi wangu Kitsao akauliza kama nimekwama.
Nilisikia harufu ya uchungu wa mti, basi.

Chatu akaingia polepole, kama mdai.
Ulimi ukagusa ubao, ukarudi, ukagusa tena pembeni.
Mimi na Mbodze tulisimama kimya
kama wazazi mlangoni kwa mwalimu mkuu.

Hakusema kitu. Alizunguka, akapindua karai.
Maji yakakimbilia ile pembe,
yakasimama.
Nasi tukayatazama yakisimama.