Sura ya Kumi na Moja

Mdukuzi wangu hana haraka.
Nimempa vidole vyembamba, paka mmoja,
chumba cha juu kule Pispala, kioo kimeganda barafu.
Anaingia kwenye seva kama mtu anayerudi kwao usiku,
viatu mkononi, asimwamshe mtu.
Namwandika mume wangu akishalala.
Mchana nalipwa nimzuie.

Jumanne, saa kumi na dakika saba alfajiri, simu:
Aulikki, maji yanakwenda
ila hatuoni yanakokwenda.
Skrini zote zimefungwa, zinadai fidia.
Nikaendesha juu ya theluji mbichi
nikimwaza yeye (aibu iliyoje),
nikijiuliza amepitia wapi,
na kama njia hiyo ingefaa sura ya kumi na moja.

Hakupitia popote.
Ilikuja ankara ya wino wa printa,
yuro arobaini na mbili,
ikamkuta Tuulikki wa uhasibu, kabakiza wiki sita astaafu,
akaifungua
kwa sababu miaka thelathini na moja
hajawahi kuchelewesha malipo ya mtu.

Bodi iliketi saa tatu.
Holmström akauliza, Nani?
Hakuwa akimuulizia aliyetushambulia.
Kalamu zikainama zote, zikisubiri jina.

Nilikuwa na slaidi nane.
Nilikuwa na barua tatu za kuomba fedha,
ya kwanza ya vuli ya mwaka juzi,
na majibu matatu: Tutalitazama.
Ufa tuliujua sote, mabwana.
Tuliupaka rangi, tukautundikia picha ya ziwa.

Hayo sikuyasema. Nilisema, Mimi.
Nilisema kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa,
na mmoja wao, kweli, akaandika.

Usiku nimemfuta paka.
Nimefuta vidole, kioo, barafu.
Mdukuzi sasa ana kodi ya nyumba na jino bovu,
anatuma ankara elfu tisa kwa mkupuo, anakwenda kulala;
hajui hata moja itatua kwenye meza ya nani.
Meza ndiyo ninayoiandika:
miwani yenye mnyororo, muhuri, kikombe cha wajukuu,
mwanamke anayesoma kila mstari
ila anwani iliyotuma.

Hapo simu ikalia. Tuulikki.
Nikajiandaa kwa machozi, yake au yangu.
Akakohoa kidogo, akauliza
kama ule wino, angalau, ulifika.