Dawa ya Deni

Barua imefika pamoja na theluji ya kwanza ya Duluth.
Kurasa kumi na moja. Sirkka anazisoma wima,
miwani imeteleza puani,
mkono wa kulia umelala juu ya meza ya jikoni
kama kitu alichokisahau mgeni.

Aya ya nne: Serikali inakana
kwamba chanjo ndiyo iliyomdhuru mwombaji.
Aya ya nane: Serikali itamlipa mwombaji
dola elfu sitini na nane, kwa hundi moja.
Kati ya nne na nane sikuona daraja.
Nikachungulia ndani ya bahasha,
labda kuna ukurasa uliobaki.

"Hakuna," akasema. "Ndivyo wanavyoandika."

Miaka mitatu na miezi miwili
tangu siku ile ya duka la dawa,
foleni imefika hadi kwenye rafu za shampuu,
kijana wa sindano kasimama, ana haraka,
na Sirkka akavuta kola ya sweta mpaka begani
kwa kuwa mkono wa sweta ulikuwa unabana.
Sindano iliingia juu mno.
Au haikuingia juu mno.
Daktari wao anasema bega la miaka hamsini na tisa,
la mbandika karatasi za ukutani,
lilikwisha kuchakaa zamani.
Daktari wetu anasema sivyo.
Bega lenyewe halikuitwa kutoa ushahidi.

Kilichotuokoa ni kalenda ya duka la matairi.
Alhamisi, chini ya "umeme, dola 94",
aliandika kwa penseli: Bega. Silali.
Wakili wetu, Bi. Okrent, hatujawahi kumwona,
ni sauti tu yenye kikohozi kutoka Ohio,
alisema maneno hayo mawili
yanashinda picha zote za eksirei.

Kisha akaomba orodha: mambo usiyoyaweza tena.
Sirkka akaandika, kubandika karatasi za dari.
Akaandika, kuzoa theluji.
Akaweka kalamu chini.
Hakuandika kwamba kila asubuhi mimi, Arvid,
mwenye vidole vya fundi wa mabomba,
namfunga sidiria kwa nyuma;
kwamba wiki za mwanzo tulicheka,
kisha hatukucheka,
na siku hizi ni kama kufunga mlango usiku,
mtu hafikirii.
Nilitaka kuliandika mimi.
"Hilo si lao," akasema.

Sisi tulitaka laki moja na ishirini. Wao, thelathini.
Wiki sita za kimya. Arobaini na tano.
Sikujua maumivu huuzwa kama gari kuukuu,
kila mmoja akilizunguka, akipiga teke tairi.

Tungeweza kukataa. Twende mbele ya hakimu,
tungoje miaka miwili mingine
tupate jina la jambo lililotupata.
Au tuchukue fedha, jina libaki.

Dawa ya deni ni kulipa, ndiyo.
Lakini huyu analipa huku akiapa kwamba hadaiwi.
Basi hii ni dawa ya nini?
Nilimuuliza Sirkka. Nikainua mabega.
Yeye akainua moja.

Akatia saini. Herufi zake zilezile, zimenyooka
kama mshono wa karatasi kwenye kona ya chumba.
Tukala viazi. Hakuna aliyetaja gari jipya.

Jumamosi alivaa blauzi isiyo na mikono
chini ya koti la baridi, na sikuuliza kwa nini.
Duka lilelile. Chanjo ya mafua ya mwaka huu.
Msichana mpya, pete puani, kasimama na sindano yake.
Sirkka akampa bega la kushoto,
akaweka kidole penyewe, penye nyama.
"Hapa," akasema. "Ila vuta kiti kwanza.
Uwe sawa na mimi."

Msichana akatazama foleni.
Akavuta kiti.