Chaki Mlangoni

Mara ya nne Zarghuna apanda ngazi za mawe,
sanduku la barafu begani,
theluji ya Swat imeshaingia kiatuni.
Mlangoni, chaki yake ya juzi: wamekataa.

Hodi.
Kimya.
Hodi tena.
Bibi mmoja afungua kiasi cha jicho:
"Kwanza weka ulimini mwako."
Aweka. Chungu. Ameza, acheka kidogo.

Ndipo mtoto asogezwa, mdomo wazi kama kinda.
Matone mawili, basi,
na kidole cha mwisho chapakwa wino.

Bibi hakusema ahsante.
Alisema tu, "Mtoto wa Bakhtawara hasimami tena,"
kisha akalowesha pembe ya ushungi
akaifuta chaki mwenyewe,
polepole,
kama apangusaye uso wa mtu.