Banda la Kukaushia

Utotoni, mbuzi akichinjwa,
kibofu kilikuwa chetu.
Tulikisugua majivuni, tukakipuliza kwa bua la mtama
hadi kikawa mpira mweupe, mwepesi,
wenye mishipa kama ramani.
Tuliupiga mpaka kiza, mpaka upasuke.
Sikuwahi kufikiri kwamba nami ninacho.

Changu nimekijua nikiwa na miaka sitini na mmoja,
nyuma ya soko la Arua, nimesimama chooni,
mkojo umegeuka rangi.
Hapakuwa na maumivu. Nikasema: ni karkade
niliyokunywa asubuhi kwa Ayikoru.
Nikawasha sigara nipate kufikiri vizuri.

Kampala waliniingiza mrija wenye jicho.
Kwenye kioo nikakiona: uyoga,
kama wa baada ya mvua, umeota ukutani.
Daktari, binti mdogo kuliko kitindamimba wangu,
akauliza, "Mzee Afeku, unavuta?"
"Mapafu yangu mazima," nikamjibu.
Akachora nyuma ya bahasha: mapafu, damu, figo,
kisha mfuko.
Moshi, akasema, hauishii kifuani.
Sumu yake husubiri humu, ndani ya mkojo,
usiku kucha, ikilamba ukuta.

Mimi nimelima tumbaku miaka ishirini na minane.
Majani hufungwa kwenye fito, hupandishwa darini,
mlango huzibwa kwa udongo,
na mwenye banda hukesha siku saba
akilisha tanuri kuni, moto usishuke, usipande,
la sivyo majani huwa meusi
na mnunuzi huyasukuma kando kwa mguu.
Banda lile lilisomesha watoto wanne.
Lilikula msitu wote wa mjomba.
Silisifu, silitukani.
Lakini juu ya bahasha ile nililiona,
mlango umezibwa,
na mimi mwenyewe nje, kuni mkononi.

Basi, siku saba tena.
Safari hii nakesha ili moto uzimike.
Usiku wa pili vidole vilipekua mfuko wa shati
kama kuku jalalani.
Wa tatu nilimgombeza Ayikoru
kwa chumvi ambayo haikuwa imezidi.
Wa tano nilitafuna karanga hadi taya zikalia.
Wa saba nililala.

Siku ya kumi na moja nilivuta.
Niseme kweli: nusu, nyuma ya kamba za mashuka ya wodi,
pamoja na Onzima wa kitanda cha dirishani,
mfuko wake mwekundu ukining'inia pajani.
"Maji yameshamwagika," alisema, "ya nini kuyazoa?"
Tukacheka. Moshi ulikuwa mtamu.
Ndiyo, mtamu. Anayekwambia ni mchungu
hajawahi kuacha.

Nilimwambia Sista Letaru mwenyewe. Hakunifokea.
Alikata tarehe kwenye daftari langu, akaandika ya leo.
"Yaliyomwagika ni ya jana," alisema.
"Kila saa figo zinakuletea mengine."

Kila miezi mitatu napanda basi la usiku,
navuka daraja la Pakwach nikiwa macho.
Mrija, jicho, kioo.
Mara ya kwanza uyoga miwili. Ikachomwa.
Mara ya pili mmoja.
Mara ya tatu daktari alizungusha jicho kimya, akakawia,
akasema, "Rudi Septemba."
Sikuuliza zaidi.
Kitanda cha dirishani kilikuwa na kijana nisiyemjua.

Jumapili tulichinja.
Asubuku akaja mbio, mikono imejaa majivu:
"Babu, puliza wewe."
Nikapokea bua.
Nikapuliza polepole, nikisimama kukohoa,
pumzi tupu, isiyo na harufu,
na kikaanza kuinuka kiganjani, kikipitisha mwanga.
Kilifika nusu.
Nusu nyingine nikamwachia yeye.